Pilau Kwenye Picha Haina Harufu

Pilau iliyoiva vizuri hujitangaza yenyewe. Harufu ya bizari nzima, iliki, mdalasini na karafuu hufika barazani kabla sufuria haijafunuliwa, na mgeni huanza kumeza mate kabla hajakaribishwa ndani. Ikishapigwa picha, yote hayo hubaki jikoni. Kinachoingia kwenye simu ni rundo la punje za kahawia, vipande vya nyama vya kahawia ileile, na mng'aro wa taa ya dari juu ya mafuta. Mpishi aliyekaanga vitunguu kwa subira mpaka vikapata rangi aliyoitaka huitazama picha ile na kukiona chakula kilichopoa.

Zamani hilo lisingemsumbua mtu. Siku hizi linagusa mfuko. Mama lishe wa Kariakoo au Kongowea huweka chakula cha mchana kwenye stetasi ya WhatsApp tangu asubuhi, na wateja wa maofisini huagiza kwa kutazama picha. Waoka keki wanaofanyia kazi nyumbani, wauza vitafunwa vya Ramadhani kwa oda, migahawa inayopeleka chakula kwa bodaboda, wote huamuliwa na jicho la mteja kabla ulimi wake haujapata nafasi. Na picha ikitoka mbaya, wengi hulaumu simu. Mara nyingi simu haina kosa. Picha ya chakula hutengenea au huharibika kabla kitufe hakijabonyezwa: katika rangi ya mwanga unaokiangukia chakula, katika rangi za vitu vinavyokizunguka, na katika namna kilivyopikwa na kupakuliwa.

Mwanga una rangi, ingawa macho hayatuambii. Rangi hiyo hupimwa kwa kelvini. Mwali wa mshumaa uko kwenye kelvini 1,900 hivi. Balbu ya zamani ya waya iko karibu 2,700 na mwanga wake ni wa manjano. Jua la mchana liko karibu 5,500, na kivuli cha siku yenye anga safi hupita 7,000, kikaelekea buluu. Mtu akitoka uani akaingia kwenye sebule yenye balbu ya manjano, ubongo wake hurekebisha tofauti hiyo bila yeye kujua, na wali mweupe huendelea kuonekana mweupe. Simu nayo hujaribu kurekebisha, lakini inachofanya ni kukisia. Hukosea zaidi mianga miwili inapokutana juu ya sahani moja, upande huu dirisha na upande ule taa. Ikiusahihisha upande wa taa, upande wa dirisha hugeuka buluu. Ikiusahihisha wa dirisha, wa taa huwa rangi ya chungwa. Tyubulaiti nyingi za bei nafuu zina ubaya wa aina nyingine: mwanga wake una upungufu wa wekundu na huelekea kijani, na nyama nyekundu chini yake hupoteza uhai wote.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haina gharama. Taa za chumba zizimwe zote, hata mchana zinapoonekana hazina madhara, na sahani isogezwe karibu na dirisha au mlango wa uani. Karibu na dirisha haina maana ya chini ya jua kali. Katika nchi zilizo karibu na ikweta jua la saa sita husimama utosini. Vivuli vyake ni vifupi na vyeusi, mafuta humetameta kwa madoa meupe, na majani ya mboga huonekana yamekauka. Saa tatu asubuhi na saa kumi jioni ni nyakati za huruma zaidi. Asiyeweza kusubiri hutundika shuka jeupe jepesi dirishani, au hutafuta kivuli cha ukuta kinachopata mwanga wa anga tupu.

Upande ambao mwanga unatokea una uzito kuliko wingi wake. Mwanga unaotoka nyuma ya mpiga picha, pamoja na ule wa flashi ya simu, hukibamiza chakula kikawa bapa: punje za wali hupoteza vivuli vyake na samaki hupoteza magamba yake. Sahani ikigeuzwa ili dirisha liwe ubavuni, kila punje hupata upande wa nuru na upande wa kivuli, na jicho huanza kuhisi kwamba kitu kile kina unene na kinaweza kushikwa. Dirisha likiwa nyuma ya chakula, mvuke wa chai ya maziwa au wa supu ya pweza huonekana waziwazi, mradi nyuma yake pawe na kitu cheusi kidogo. Upande wa mbele utakuwa umeingia giza, na hapo karatasi ya manila nyeupe ikisimamishwa mkabala na dirisha huirudisha nuru kwenye sahani. Wapo wapiga picha wa matangazo wanaobeba vifaa vya mamilioni kufanya kazi hiyohiyo ya karatasi ya manila.

Anayelazimika kupiga usiku achague taa moja tu na azime nyingine. Kwenye maboksi ya taa za LED mara nyingi huandikwa herufi CRI na namba isiyozidi 100. Namba hiyo inaeleza ni kwa uaminifu gani taa ile inazionyesha rangi ikilinganishwa na mwanga wa asili. Yenye 90 au zaidi ndiyo ya kununua kwa kazi ya chakula.

Mwanga ukishatulia, kinachofuata ni ujirani wa rangi, na hapa kuna kisa kinachostahili kuelezwa. Mwaka 1824 mkemia wa Kifaransa, Michel Eugène Chevreul, alikabidhiwa idara ya utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, mjini Paris. Akakuta malalamiko. Mojawapo lilihusu nyuzi nyeusi: wafumaji walisema weusi wake hauna nguvu unapotumika kwenye vivuli vya nguo za buluu na zambarau. Chevreul akazilinganisha nyuzi zile na nyuzi nyeusi bora za viwanda vingine, akaona hazipungui kitu. Dawa ya rangi ilikuwa sawa. Aliyeiharibu alikuwa jirani yake. Rangi mbili zikikaa bega kwa bega, kila moja hubadilisha jinsi jicho linavyoiona nyingine, na kitabu alichotoa juu ya jambo hilo mwaka 1839 kikawa mwalimu wa wachoraji wa vizazi vilivyofuata.

Zaidi ya karne moja kabla yake, mwaka 1704, Isaac Newton alikuwa amezipanga rangi za upinde wa mvua kwenye duara. Katika duara wanalotumia wachoraji leo, nyekundu hutazamana na kijani, buluu hutazamana na rangi ya chungwa, manjano hutazamana na zambarau. Zinazotazamana zikiwekwa pamoja hupandishana. Ndiyo maana nyanya ya kachumbari huonekana nyekundu zaidi ikipata majani machache ya giligilani, na mishkaki hupata uhai ikilazwa juu ya jani la mgomba. Wauza nyama wa nchi nyingi hupanga majani ya kijani, hata ya plastiki, kwenye makabati yao ya vioo, na wateja hawashtuki kwamba wekundu wanaoupenda umetiwa nguvu na majani.

Sasa pilau. Rangi ya kahawia haimo kwenye upinde wa mvua. Ni rangi ya chungwa iliyoingia giza. Anayelijua hilo ameshapata ufunguo wa nusu ya vyakula vya Afrika Mashariki, kwa sababu pilau, maharage, nyama choma, chapati, samaki wa kukaanga na maandazi vyote ni vya ukoo mmoja. Mwenzi wa ukoo huo kwenye duara ni buluu. Si buluu ya kelele inayofunika meza nzima, kwa kuwa hiyo itaanza kushindania macho na chakula. Inatosha mzingo wa buluu kwenye sahani nyeupe ya bati, zile zilizomo karibu kila nyumba, au ncha ya kanga ya buluu iliyofifia kwa kufuliwa. Pilau iliyokuwa imekufa juu ya kitambaa chekundu huamka hapo bila kuongezwa chochote. Kachumbari pembeni huleta wekundu na kijani, ndizi mbivu huleta manjano, na sahani imekamilika kama ilivyokuwa ikikamilishwa siku zote kwenye karamu za pwani.

Wenyeji wa pwani wana historia ndefu na buluu hiyo. Vyombo vya kauri kutoka China, vikiwemo vyeupe vyenye michoro ya buluu, vilifika hapa karne nyingi kabla ya kamera. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamevikuta kwenye magofu ya Gedi, karibu na Malindi. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, yalipachikwa bakuli za kauri kama pambo. Katika nyumba za kale za Lamu, zidaka za chokaa zilijengwa ukutani ili vyombo vya thamani viwekwe mahali pa kuonekana. Watu waliojenga ukuta kwa ajili ya sahani hawahitaji kufundishwa kwamba chombo ni sehemu ya chakula. Wanahitaji tu kukumbuka hivyo wakiwa wameshika simu, badala ya kupiga picha ya biriani kwenye boksi jeupe la takeawei lililojaa unyevu.

Weupe una adabu zake. Ugali juu ya sahani nyeupe, juu ya kitambaa cheupe, ni mtihani, na simu huongeza ugumu. Kipimo cha mwanga kilicho ndani ya kamera kimetengenezwa kudhani kwamba kila kinachokiona, kwa wastani, ni cha kijivu cha katikati. Kikipewa picha iliyojaa weupe hudhani mwanga umezidi, kikaupunguza, na ugali wa sembe hutoka kijivu. Kuna njia nyepesi: kugusa ugali kwenye kioo cha simu, kisha kuburuta kidole juu kwenye alama ya jua hadi weupe urudi, na kusimama kabla vivuli vyake havijapotea. Maana ugali hupendeza kwa umbo. Uliogeuzwa kutoka kwenye bakuli ukatoka duara laini, ukapewa mwanga wa ubavuni, huonyesha mkunjo wa mwiko na jasho la mvuke juu yake. Ukiwekwa kwenye meza ya mbao iliyokoza au chungu cheusi, hauhitaji pambo. Wali wa nazi na muhogo wa kuchemsha hufuata kanuni hiyohiyo.

Rangi ya chombo hufika hata kwenye ulimi. Mwaka 2012 watafiti wakiwemo Betina Piqueras-Fiszman na Charles Spence walichapisha jaribio lililofanyika Hispania, ambamo watu walipewa krimu ya stroberi ileile, wengine kwenye sahani nyeupe na wengine kwenye nyeusi. Waliokula kwenye nyeupe waliiona ni tamu zaidi, ina ladha kali zaidi, na waliipenda zaidi. Mapishi hayakubadilika. Hilo haliwapi wapishi ruhusa ya kununua sahani nyeupe tupu, kwa kuwa kilichofaa kwa krimu ya waridi kinaweza kuiua tambi ya sukari, lakini linatosha kumfanya mtu asimame kidogo mbele ya kabati la vyombo.

Kuna picha ambazo hazikuharibiwa na mwanga wala sahani, zimeharibiwa na moto. Mboga za majani ndizo zinazoumia zaidi. Kijani cha mchicha, matembele na sukuma wiki hutoka kwenye klorofili, na katikati ya kila molekuli ya klorofili kuna chembe ya magnesiamu. Majani yakipikwa kwa muda mrefu, hasa yakifunikwa sufuriani, asidi zake zikashindwa kutoka na mvuke, au yakitiwa nyanya au ndimu mapema, magnesiamu huondoka na kijani hugeuka rangi ya zeituni iliyochakaa. Hakuna kichujio cha simu kinachokirudisha kijani hicho. Mpishi anayepikia picha huyatia majani kwenye maji yanayochemka kwa muda mfupi sana, akayatoa na kuyatumbukiza kwenye maji ya baridi sana, kisha akayaunga dakika za mwisho. Nyanya na ndimu huja mwishoni kabisa. Wanaopenda mchicha usiolainika sana hufurahia zaidi hata wakati wa kula.

Kachumbari nayo ina saa yake. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye nyanya na vitunguu, na baada ya robo saa bakuli huwa limejaa supu ya waridi. Ikatwe mapema, itiwe chumvi wakati picha imeshapangwa. Nyama inayotakiwa ionekane imebanikwa sharti ikaushwe kwa kitambaa kabla haijagusa moto, kwa sababu ule ukoko wa kahawia unaotamanisha huanza kujengeka kwa kasi joto la uso wa nyama likipita nyuzi 140 hivi, na nyama yenye maji haipiti 100 mpaka maji yaishe. Mchakato huo una jina la Mfaransa mwingine, Louis Camille Maillard, aliyeueleza mwaka 1912. Samaki wa kupaka, ambaye rangi yake ya manjano hutoka kwenye bizari ya manjano ndani ya tui zito, hutaka kupakwa mara ya mwisho akiwa ameshatoka mkaani, ili tui liwe bado linang'aa juu ya michirizi myeusi ya wavu. Akikaa, tui hushika ngozi na mng'aro hufa.

Kuhusu pembe ya kupigia, maneno machache yanatosha. Sinia ya pilau na vijisahani vyake hupigwa kutoka juu kabisa, simu ikiwa sambamba na meza. Kilicho na kimo, kama keki ya ngazi, glasi ya juisi ya ukwaju au chapati zilizopangwa, hupigwa kutoka usawa wake. Vingine vingi hufaa katika pembe ya mtu aliyeketi mezani tayari kula. Ukingo wa sahani ufutwe. Tone moja la mchuzi ukingoni, ambalo mlaji halioni, ndilo la kwanza kuonekana pichani.

Mapambo yanapozidi huwa uongo, na uongo huo una historia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 nchini Marekani, matangazo ya supu ya Campbell yalipigwa picha huku gololi za kioo zikiwa chini ya bakuli, zimezisukuma mboga zielee juu ili supu ionekane nzito. Tume ya Biashara ya nchi hiyo iliingilia kati, na kampuni ikakubali kuacha mtindo huo. Katika studio za matangazo wamekuwepo pia waliotia gundi nyeupe kwenye nafaka badala ya maziwa, kwa kuwa gundi hailainishi nafaka. Anayeuza chakula mtaani kwake hawezi kumudu ujanja wa namna hiyo, kwa sababu mteja wake anakaa nyumba ya tatu na sahani itafika mkononi mwake saa saba mchana. Hata vichujio vya simu ni gololi za siku hizi. Kuongeza ukolezi wa rangi hadi biriani iwe na rangi ya koti la usalama barabarani humfanya mteja aone kwamba ameletewa kitu kingine, na atakuwa na haki. Marekebisho ya heshima ni yale yanayoifanya picha ifanane na sahani: kuondoa unjano wa taa, kuongeza nuru kidogo, kukata kilichoingia pembeni bila kualikwa.

Upigaji picha wa rangi wenyewe, kwa kweli, una deni jikoni. Picha za mwanzo za vyakula, kama ile ya matunda kwenye vikapu ambayo William Henry Fox Talbot aliiweka katika kitabu chake *The Pencil of Nature* kilichotoka kwa sehemu kati ya 1844 na 1846, hazikuwa na rangi. Mwaka 1907 ndugu Lumière wa Ufaransa walipoanza kuuza sahani za kioo za kupigia picha za rangi, kilichobeba rangi kwenye kioo kilikuwa chembechembe za wanga wa viazi zilizotiwa rangi ya chungwa, kijani na zambarau.

Mahali pazuri pa kujaribia kanuni hizi zote za mwanga na rangi, kwa sababu ni pagumu, ni bustani ya Forodhani, Unguja, baada ya magharibi. Kila meza ina taa yake, moja ya manjano na jirani yake nyeupe ya baridi, moshi wa mishkaki unapita katikati, na bakuli la urojo ni la rangi ya bizari ya manjano, rangi inayogeuka chungwa mara tu taa ikiwa ya joto. Anayetaka kuupata urojo huo kama ulivyo hujitenga na taa za jirani kwa mgongo wake mwenyewe, akabaki na taa moja inayotoka ubavuni. Hupanga picha kwa bakuli tupu kwanza, akirekebisha simu kwa kutazama kitu cheupe mpaka weupe wake uwe weupe. Kisha humwomba muuzaji amwage urojo, aweke kachori na bajia upande wa mwanga, chatne ya nazi pembeni, na pilipili kidogo ili wekundu upate mahali. Chipsi za muhogo hutiwa mwisho, kwa sababu zikilowa hulegea na kimo chote cha bakuli hushuka. Hapo ana kama dakika mbili za kupiga, na urojo bado ni wa moto wa kunywewa.